Uso Chini ya Penseli

Sura ya mamangu siikumbuki. Nasema hivi bila kujionea huruma, kwa kuwa najua wako wengi wa rika langu waliofiwa wangali wadogo na hali yao ni kama yangu. Lakini mimi nina picha yake, kubwa, safi, iliyoning'inia ukutani karibu maisha yangu yote, na nikifumba macho nikamtafuta, ninayoiona ni picha. Yeye simuoni. Na ile picha tuliitengeneza sisi wenyewe, mimi na shangazi yangu, kwa penseli.

Shangazi Rukia amefariki mwaka huu. Arobaini yake tumeimaliza, jamaa wametawanyika, na nyumba ya ghorofa kwenye kichochoro kinachotokea barabara ya Ndia Kuu inapakwa rangi kabla ya kupangishwa. Juzi nilikwenda kuchukua vyombo vyake, nikamkuta fundi anaosha brashi kwa tapentaini chini ya ngazi. Harufu ilinipata nikiwa katikati ya kupanda, nikakaa pale pale. Fundi aliniuliza kama nimeshikwa na kizunguzungu. Nilimwambia ni joto tu.

Kwangu mimi harufu ile si ya rangi za milango. Ni ya chumba cha juu, ya shangazi akiwa ameinama mbele ya dirisha, miwani imemshuka puani, mdomo umekazwa kama mtu anayetia uzi kwenye sindano. Kazi yake ilikuwa kusafisha nyuso. Wakati ule picha za ukumbusho bado zilikuwa nyeusi na nyeupe, na huku kwetu mwanamke hakutaka picha yake ya harusi, kichwa wazi, asumini nyweleni, ipite mikononi mwa mwanamume, hata awe fundi wa namna gani. Palikuwa na studio moja mtaani Makadara, ya mume na mke. Mume aliwapiga picha wanaume chumba cha mbele. Mke aliwapiga picha wanawake chumba cha nyuma, akaziosha filamu mwenyewe, na zile zilizotaka kutengenezwa akazitia kwenye kopo la majani ya chai na kumletea shangazi, kopo limefichwa ndani ya buibui. Ni mke huyo aliyemfunza shangazi. Shangazi naye akawafunza majirani zake, ambao walikuja baada ya sala ya alasiri, wakaketi mkekani wakichonga penseli na kuwasema maharusi.

Nakumbuka mmoja akiinua filamu kwenye mwanga na kusema, "Huyu masharubu tumwachie kidogo. Bwana asije akadai kaletewa mwingine."

Walicheka hadi shangazi akawanyamazisha, kwa sababu kicheko hutikisa mkono.

Negativu zenyewe, yaani zile filamu zilizokwisha kuoshwa, zilikuwa za ukubwa wa kiganja. Kwanza alizipaka dawa aliyoichanganya mwenyewe, sandarusi iliyoyeyushwa kwenye tapentaini, ili penseli ipate pa kushika. Kisha aliiweka negativu kwenye sanduku la mbao lenye kioo kilichoinama, na chini yake kioo cha kujitazamia kilichorudisha nuru ya dirisha. Penseli aliichonga kwa wembe, akaimalizia kwa msasa mpaka ncha ikawa ndefu na nyembamba kama mwiba. Halafu akaanza kuweka vinukta, vidogo mno, kimoja pembeni ya kingine, akizuia pumzi. Mimi nilikatazwa kupita karibu nikikimbia.

Sisi tulikaa ghorofa ya kati, chini yake. Babangu alifanya kazi bandarini, akitoka alfajiri na kurudi amechoka, na mamangu alikuwa nyumbani. Nilipofika umri wa kusoma na kuandika vizuri, mama alianza kukonda. Jina la maradhi sikuambiwa, na mpaka leo silijui sawasawa; shangazi alikuja kuniambia baadaye kuwa lilikuwa jambo la tumboni. Watu wazima walipolizungumza walishusha sauti, na mimi nikajifunza kuogopa sauti iliyoshuka kuliko kelele. Mama aliacha kupika, kisha akaacha kushuka ngazi, kisha akawa anapumzika katikati ya kusuka nywele zangu, mkono wake umelala kichwani mwangu na upande mmoja haujasukwa.

Siku moja alimwambia shangazi kuwa anataka kupigwa picha. Makadara hakuweza kwenda, basi mke wa studio akaja na kamera yake na miguu yake mitatu. Walimvisha mama kanzu yake ya harusi. Ilimpwaya, na shangazi akaibana mgongoni kwa pini za nepi. Wakamketisha kwenye kiti cha baba karibu na dirisha. Mke wa studio alimwomba atabasamu kidogo, na mama akajibu kuwa ametabasamu tangu asubuhi kwa ajili ya wageni na sasa amechoka. Ikapigwa hivyo hivyo. Mimi nilisimama nyuma ya kamera nikiwa nimeshika pini zilizobaki.

Baada ya hapo nilipanda juu kumpelekea shangazi kitu, sikumbuki ni nini, nikaona anachokifanya. Mama alikuwa juu ya kioo, lakini si mama. Uso wake ulikuwa mweusi kama masizi, nywele zake nyeupe kama za kikongwe, macho yake yamegeuka, kiini cheupe na pembeni giza. Na shangazi, kwa penseli yake iliyochongoka, alikuwa akimtia weusi zaidi, chini ya macho na mashavuni, taratibu, bila haraka.

Mtoto aliyelelewa mjini mwetu tayari ameshasikia mengi kuhusu mawifi. Ameyasikia kwenye nyimbo za harusi, kwenye hadithi za jioni, kwenye mizaha ya wanawake wakipeta mchele: kwamba dada wa mume hampendi mke wa kaka yake, kwamba humchekea usoni na kumchimbia mgongoni. Negativu nilikuwa nimeziona siku zote kwa mbali, nikizijua kama vigae vya kioo cheusi tu. Sikuwahi kumwona humo mtu ninayemjua. Siku ile nilielewa, kwa namna mtoto anavyoelewa, kuwa nimegundua kwa nini mama anakonda.

Sikumwambia baba. Nilimwambia mama mwenyewe, kwa sauti ya chini kama wanavyofanya wakubwa. Nilimwambia kuwa shangazi ana sura yake juu, ameigeuza ya mzee, na anaichafua kila siku.

Mama alinitazama, kisha akaanza kucheka. Alicheka mpaka akashika tumbo na nikajuta. Kisha akamwita shangazi kwa kugonga dari kwa ufagio.

"Wifi, njoo hapa. Mwanao amekuja kukushtaki."

"Mimi nimefanya nini?"

"Ati wanipaka masizi. Ati umengojea niugue ndipo unilipize ya harusi yangu."

"Ya harusi nilishakusamehe," shangazi alisema. "Ulivaa viatu vyangu, ukavirudisha vimepanuka. Lakini nilishakusamehe."

Mama akacheka tena, kidogo, kwa pua. Kisha akanigeukia mimi, akasema neno ambalo nimelibeba mpaka leo. "Mfunze. Mtoto akijua nusu ya jambo huogopa zaidi."

Ndivyo nilivyoanza. Shangazi alinipa kwanza negativu zilizoharibika, za watu nisiowajua, nichezee. Akanieleza kuwa huku kila kitu ni kinyume: palipo weusi kwenye filamu, karatasi itatoka nyeupe, na palipo weupe itatoka nyeusi. Kivuli cha uchovu chini ya jicho huonekana kama doa la uwazi, na ukilijaza penseli, kile kivuli huondoka. "Ukimtia giza hapa," alisema, "yeye apata nuru kule." Akanionyesha namna ya kushika penseli mbali na ncha, iwe nyepesi, na namna ya kuyafuata maumbile ya shavu badala ya kupiga mistari ovyo. Aliniambia kuwa fundi mbaya humfuta mtu, na fundi mzuri humfuta uchovu tu. Nilikuwa na mkono mtulivu. Majirani wa mkekani walinisifu, na mmoja wao akasema nitaolewa na mtu wa benki, sijui kwa nini.

Nilipozoea, shangazi akaniruhusu kumsaidia kwa mama.

Hapa ndipo nataka kueleza vizuri, kwa kuwa wasomaji wa umri wangu huenda walifanya jambo la aina hii kwa njia yao. Hakuna aliyeniambia kuwa picha ikinenepa mtu naye atanenepa. Wazo hilo nililipata mwenyewe. Kama nilikuwa nimeamini kuwa penseli ile yaweza kumchafua mama, basi niliposadikishwa kuwa inampa nuru, imani haikutoka, iligeuka upande tu. Tulijaza shimo la shavu la kushoto, na kesho yake mama akanywa uji wote na kuomba dirisha lifunguliwe. Hilo lilinitosha. Tangu hapo nilikuwa nikitoka chuo cha Kurani mchana, naweka juzuu langu juu ya kabati, napanda mbio hadi karibu na mlango, kisha natembea. Shangazi alidhani nimeipenda kazi. Mimi nilikuwa namtibu mama.

Midomo ilikuwa shida. Ilikuwa imekauka na kupauka, na kilichopauka kwenye negativu hutoka cheusi, na cheusi hakiondoki kwa penseli. Shangazi alikwangua kwa ncha ya kijisu, akichukua unga mdogo sana wa ile ngozi ya filamu, akapuliza, akakwangua tena. Hiyo hakunipa nifanye. Alisema penseli ukikosea unapangusa kwa tapentaini unaanza upya, lakini ya kisu hairudi. Kwa hiyo midomo ni yake peke yake. Mashavu, paji la uso na chini ya macho ni yetu sote wawili.

Mama hakuwa akipata nafuu. Kila nilipomaliza sehemu nilishuka kumtazama, nikatafuta badiliko na nikalipata, kwa sababu nililitaka. Siku moja nilimuuliza shangazi kama tukimaliza chini ya jicho la kulia mama ataweza kushuka ngazi kabla ya Idi.

Shangazi aliiweka penseli chini. Alinitazama kana kwamba nimeingia wakati ule ule. Nilidhani atanigombeza kwa kumfanya apoteze mahali alipofika. Alivua miwani, akaifuta kwa ncha ya leso, akaivaa, kisha akasema, "Tumalize kwanza." Nadhani ndipo alipojua ninachokiamini, na nadhani hakuwa na moyo wa kuniambia ukweli. Simlaumu. Nami nina mtoto sasa, na sijui ningesema nini.

Picha ilipochapwa, mke wa studio aliileta ikiwa imefungwa karatasi ya khaki. Mama aliishika kwa mikono miwili akiwa amelala. Picha ilikuwa ya mwanamke mzuri aliyejaa uso, macho yake yametulia, midomo kama aliyekula embe sasa hivi.

"Wifi, nani huyu? Mbona yeye hajaugua?"

"Ndivyo mtoto atakavyokukumbuka," shangazi akasema.

Mama akanirudishia macho mimi. "Basi vizuri," alisema. Akaomba ipigiliwe msumari mahali atakapoiona, na mimi nikaona ni jambo la busara, kwa kuwa mgonjwa anahitaji kujua anarudi wapi.

Alifariki kabla ya Idi. Sitaeleza usiku ule. Asubuhi nyumba ilijaa wanawake, na alipokwisha kuoshwa na kuvishwa sanda, uso ukaachwa wazi kidogo ili walio karibu naye wamuage. Shangazi alinishika mkono akaniingiza chumba cha pili, alimolazwa. Chumba kilinukia udi na karafuu maiti. Nilisogea mpaka kitandani, nikatazama.

Lazima mjue kuwa kwa siku nyingi nilikuwa nimeutazama uso wa mama juu ya kioo, na baadaye ukutani, zaidi ya nilivyoutazama kitandani. Hata nilipokuwa nikimpelekea maji, macho yangu yalimpita yakaenda ukutani. Na pale mbele yangu palilala mtu mwenye mashavu yaliyoingia ndani na vivuli vya buluu chini ya macho, mahali pale pale nilipopajaza kwa mkono wangu. Nilijua kila sehemu ya uso ule kwa namna nilivyoitengeneza, na huyu hakuwa na hata moja.

"Siye huyu," nilisema.

Shangazi akanibana mkono. Mwanamke mmoja aliniambia nimbusu mamangu nimuage. Nikasema tena, wazi, si kwa kulia, "Siye huyu. Mama yuko kule." Na nikaonyesha chumba chenye picha. Wanawake waliangua kilio. Shangazi alinibeba akanitoa, na sanda ikafungwa.

Kwa muda mrefu baada ya hapo, sijui ni muda gani, niliamini kuwa wamekosea, wamemzika mwanamke mwingine. Sikuwa na huzuni nyingi. Nilikuwa na subira. Huzuni ilikuja polepole, mwaka hadi mwaka, na ilipofika ilikuta nimeshampoteza mara mbili, kwa maana nilipotaka kumkumbuka aliyekufa sikuwa na wa kumkumbuka. Nilijaribu mikono yake, nikaipata kidogo, ule uzito kichwani mwangu. Sauti naipata, akigonga dari. Uso, kila nikiukaribia, unageuka kuwa ule wa ukutani, uliojaa, unaotazama bila shida yoyote.

Shangazi hakutengeneza tena uso wa mtu aliyemjua. Picha za rangi zikaja, studio ya Makadara ikafungwa, wale wa mkekani wakafa mmoja mmoja. Mimi shule niliiacha mapema, nikaolewa, nikaachika, na mwishowe nikajikuta ninafanya kazi ile ile, kwa simu na kompyuta ndogo. Maharusi wa mjini wangali hawataki picha zao zionwe na wanaume, basi huniletea mimi. Swabra, binti yangu, nimemfunza ninachokijua kuhusu maumbile ya shavu, naye amenifunza vitufe. Yeye ana haraka kuliko mimi. Kwa kidole kimoja huondoa alichokuwa shangazi akiondoa kwa wiki.

Miezi michache kabla ya kufariki, shangazi akiwa na mtoto wa jicho macho yote mawili, nilimuuliza jambo ambalo sikuwahi kumuuliza. Nilimuuliza mama alifananaje kwa kweli. Alifumba macho akamtafuta.

"Nimejitahidi, mwanangu," alisema. "Na mimi naiona ile picha tu."

Kisha akaniambia nifungue kabati, nitoe bahasha. Negativu ya mama ilikuwemo. Akasema penseli inatoka kwa tapentaini, hata baada ya miaka, ukiwa na subira. Midomo haitarudi, ile aliikwangua yeye. Mengine yatarudi. Alisema amewahi kukaa nayo na pamba mkononi zaidi ya mara moja na hakuweza. "Ukiweza, futa. Usipoweza, usijilaumu."

Sikuweza, alipokuwa hai. Nilihisi kama nitakuwa namfuta yeye.

Juzi, nilipoinuka pale kwenye ngazi, nilimwomba fundi anitilie tapentaini kidogo kwenye chupa. Nyumbani niliketi dirishani, nikalowesha pamba, nikaanza na paji la uso. Dawa ilikuwa imekauka ikawa kama gamba, ikanibidi nirudie na kurudia. Halafu ikalegea, na pamba ikatoka na rangi ya kijivu. Niliitazama ile pamba. Kijivu kile ndicho kilichokuwa shavu la mamangu. Nikachukua pamba nyingine.

Swabra aliporudi kutoka dukani alinikuta nimemaliza na sijui la kufanya, kwa sababu macho yangu hayawezi tena kusoma kinyume kama zamani. Aliiweka negativu juu ya kioo cha simu yangu kinachong'aa, akaipiga picha kwa yake, akabonyeza mahali weusi na weupe hupinduka. Akanipa.

Alikuwa mwanamke mdogo kuliko mimi sasa, amekonda sana. Macho yameingia. Juu ya nyusi moja palikuwa na kovu dogo, la tetekuwanga labda, ambalo sikujua kuwa aliwahi kuwa nalo. Midomo ilikuwa ile ile ya ukutani, mizuri, haikuwa ya uso ule. Nilingoja nimtambue. Nilingoja kwa muda, kwa uaminifu. Labda ndiye yule niliyemkataa kitandani, lakini hata hilo siwezi kuapa, kwa kuwa siku ile sikumtazama vya kutosha.

"Ni nani, mama?" Swabra aliuliza.

"Nyanya yako."

Aliinua macho akatazama picha ya ukutani, akarudi kwenye simu. Kisha kidole chake kikasogea kwenye kioo, kwa mazoea ya kazi, kwa upendo pia, chini ya jicho la kushoto, palipo na kivuli.

"Nimlainishe kidogo? Ni dakika tu."

Nikamshika mkono.

"Acha kwanza," nikamwambia. "Sijamzoea."